Diski ya Nyuma ya Tangi

Siku mliyoniaga pale Gatina, kwa soda na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Aliuliza kwa nini tukienda matembezi sikubali watoto wavalishwe vitambulisho shingoni. Kifuani kwa pini, sawa. Mkononi, sawa. Shingoni hapana, na mnakumbuka nilivyokuwa mkali. Kila mara nilikuwa nikisema kamba inaweza kunasa kwenye dirisha la basi ikamnyonga mtoto. Hilo ni kweli, lakini sababu yenyewe si hiyo. Sababu iko Kambi Muru, na sasa kwa kuwa sina kengele ya kunikimbiza, nitaieleza.

Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara mnaujua zaidi, maana ndio huo huo mnaolipwa.

Nilifika Kibera mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka chuo cha ualimu, nimevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kambi Muru, msimu wa mvua. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya njia alinitazama miguuni akasema, "Pole, mwalimu," kabla sijamwambia mimi ni nani. Shule ilikuwa ya mabati, Jumapili kanisa, siku nyingine madarasa yaliyotengwa kwa mbao nyembamba. Ukiuliza swali la hesabu upande wako, darasa la jirani linakujibu, na mara nyingi linajibu vizuri kuliko lako.

Aliyenipokea ni Mwalimu Rispa wa darasa la kwanza, mama wa makamo kutoka kando ya ziwa, mfupi, kitambaa kichwani, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha kuloweka chaki ili maandishi yaonekane hata mawingu yakifunga na mabati yakawa giza. Alinionyesha kutoboa vizibo vya soda na kuvitunga kwenye waya, watoto wahesabu kwa vidole vyao badala ya kukariri hewani. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, mimi Mutheu binti wa Machakos ambaye sikujua neno la Kijaluo. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Halafu ikafika saa ya mapumziko. Kengele ililia, nikasikia miguu inatoka, kisha sikusikia kitu. Nilidhani watoto wamepelekwa mahali. Nikatoka kuangalia, nikawakuta wote uwanjani wanacheza. Wavulana walikuwa wakikimbiza mpira wa makaratasi, akifunga mtu wanarusha mikono juu, midomo imefungwa. Wasichana waliruka kamba wakihesabu kwa midomo bila sauti. Vumbi liliinuka, miguu ilipiga chini, na nyuma ya ua nilisikia redio ya kinyozi waziwazi. Nilisimama pale nikitafuta aliyewanyamazisha.

"Ni diski," Mwalimu Rispa alisema pembeni yangu, kwa kunong'ona, maana hata yeye alikuwa anaongea Kiswahili.

Ninyi vijana wengine mmeisikia kwa wazazi wenu. Ilikuwa kipande cha mbao cha mviringo, kimetobolewa na kutiwa kamba. Asubuhi hedimasta anampa kiranja. Kiranja anazunguka, na mtoto wa kwanza kukamatwa akiongea lugha ya nyumbani, au hata Kiswahili nje ya somo la Kiswahili, anavalishwa shingoni. Hawezi kuivua mpaka amkamate mwenzake. Mwenzake naye anawinda. Jioni, mstarini, aliyebaki nayo anaulizwa, "Nani alikupa?" Anataja jina, huyo naye anataja lake, mnyororo unarudi nyuma mpaka kwa wa kwanza, na wote wanachapwa. Ile ya Kambi Muru ilikuwa imelainika kwa jasho la shingo za watoto hadi ikang'aa.

Hedimasta hakuwa mtu mbaya, niseme wazi. Aliwanunulia watoto dawa kwa pesa yake. Lakini diski kama hiyo alikuwa ameivaa mwenyewe utotoni, na aliamini ndiyo iliyomtoa kijijini. Mwalimu Rispa alikuwa akibishana naye kila muhula kuhusu jambo moja: aruhusiwe kuwaanza wadogo kwa lugha wanayoijua, kisha awavushe kwenye Kiingereza pole pole. Serikali yenyewe ilikuwa imesema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo.

"Na hapa eneo ni la nani?" hedimasta alimwuliza. "Huyu Mjaluo, huyu Mluhya, yule Mnubi. Utawafundisha kwa lugha gani, Madam?"

"Kwa ile mtoto analia nayo," alijibu Mwalimu Rispa.

"Basi shule nzima italia."

Mimi nilikunywa chai yangu. Niliona wote wawili wana hoja, na bado naona hivyo, ila baada ya Adongo sikuweza tena kukaa katikati.

Adongo na Apiyo walikuwa pacha, wasichana wa darasa langu la pili. Apiyo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na alitangulia katika kila kitu. Kiingereza alikishika mapema. Akisoma alikuwa akivuta ncha ya sikio lake la kushoto, na sauti yake ilikuwa ya haraka, ya kupanda juu. Adongo alikaa nyuma ya bega lake. Nikimwuliza Adongo swali, alimnong'oneza dadake sikioni, naye Apiyo akanijibu kwa Kiingereza safi. Sura zilikuwa moja, ila Adongo alikuwa na kovu la kuunguzwa na uji kidevuni. Mama yao, aliyefua nguo za watu huko Woodley, majirani walimwita Mama Pacha, na ukimwita hivyo alitabasamu hata kama amechoka.

Likizo ya Agosti Apiyo akashikwa na homa. Akazikwa kwao Siaya. Mimi nilikuwa Machakos, hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya muhula wa tatu niliita majina kama kawaida. Mnajua desturi: aliyepo anasema "Present, teacher," na asiyekuwepo, wa dawati lake anamsemea, "Absent, teacher." Niliita Apiyo. Sauti ya haraka nyuma ikajibu, "Present, teacher." Nikaita Adongo. Kimya. Nikaita tena. Nikainua macho, nikaona mtoto mmoja peke yake kwenye dawati la pacha, amenyolewa kichwa, kovu kidevuni.

"Adongo, dadako yuko wapi?"

Ni Mueni, wa dawati la mbele, aliyesema, "Teacher, Apiyo alikufa." Alisema kwa Kiswahili. Mtoto aliyekuwa na diski akainuka, akaenda akamvalisha Mueni shingoni, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Nikaivua nikaiweka mezani kwangu. Jioni hedimasta alitaka kujua kwa nini mnyororo umekatikia darasa la pili. Nilimwambia ajiulize mwenyewe, na hatukusalimiana siku kadhaa.

Tangu siku hiyo Adongo hakusema neno shuleni. Nyumbani pia, mama yake aliniambia, alikuwa akila, akilala, akichota maji, mdomo umefungwa. Mimi nilidhani ni majonzi na kwamba yatapungua. Watoto huvumilia mambo mazito wakiachwa watulie, na sikutaka kumharakisha.

Kisha jioni moja mnyororo ukarudi nyuma mstarini. Huyu alipewa na yule, yule na mwingine, mpaka msichana mdogo wa darasa la tatu akasema, "Mimi nilipewa na Apiyo." Hedimasta akamwita kiranja, Wafula, kijana wa darasa la saba aliyekuwa na ndevu mbili tatu na hakuogopa kitu.

"Asubuhi ulimpa nani?"

"Apiyo, sir. Alikuwa anaongea Kijaluo nyuma ya tangi."

"Unamaanisha Adongo."

"Adongo namjua, sir. Ako na kovu. Huyo hakuwa nayo."

Wafula alichapwa kwa utundu. Nilijiambia mtu akiogopa haangalii kidevu. Lakini kesho yake alikuwa kiranja mwingine, msichana mwenye akili zake, na mnyororo uliishia pale pale. Na mchana huo wote Adongo alikuwa ameketi mbele yangu. Nilikuwa nimemzuia ndani wakati wa mapumziko anisaidie kutunga vizibo, ili asisemewe uongo. Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Uwanja ulizidi kuwa kimya. Sasa watoto hawakunyamaza kwa kuogopa fimbo tu. Hakuna aliyetaka kwenda upande wa tangi, hata kunywa maji. Walikaa na kiu mpaka nyumbani.

Hedimasta alisema atamaliza ujinga huo mwenyewe. Siku iliyofuata alitia diski mfukoni akaenda kuzunguka wakati wa mapumziko. Alirudi mikono mitupu, akakaa. Chai yake ikapoa mbele yake mpaka ikafanya utando.

"Diski iko wapi?" Mwalimu Rispa aliuliza.

"Nimempa."

"Umempa nani?"

Aliinuka akachukua chaki akaenda darasani. Siku mbili tatu baadaye alitoa amri: siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, Adongo atasoma Kiingereza kwa sauti. Asiposoma, Januari asirudi. "Hii ni shule," aliniambia, macho yakiwa dirishani. "Si mahali pa matanga." Mama Pacha alikuja kumwomba, amevua viatu mlangoni kama anaingia kwa askofu. Alimwambia hana shule nyingine ya kumpeleka, mtoto akitoka hapa atakuwa wa kubeba maji tu. Hedimasta alimpa kiti, akampa chai, na hakubadilisha neno.

Nilikwenda kwenye tangi mwenyewe. Sikwenda kwa ushujaa; nilikwenda kwa sababu Adongo hakuwa kwenye dawati lake. Lilikuwa tangi la mabati juu ya mawe, na nyuma yake pengo la kumtosha mtoto. Nilisimama upande wa huku nikasikia sauti mbili. Moja nzito kidogo, ya taratibu. Nyingine ya haraka, ya kupanda juu. Zilijibizana, na mara moja zilicheka pamoja. Nilirudi mbio kumwita Mwalimu Rispa, kwa kuwa maneno sikuyaelewa.

Alisikiliza kwa muda mrefu, mkono mdomoni. Kisha akaanza kunitafsiria kwa kunong'ona. "Anasema *pi*, yule mwingine anasema *water*. Anasema *mach*, anasema *fire*. Sasa huyo wa haraka anamweleza kwa Kijaluo moto wa kupikia na moto wa kuunguza nyumba, kwamba kwa Kiingereza ni neno moja. Anamwambia asiogope, arudie." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nyathina, mtu anamfundisha. Anamfundisha vile mimi nimeomba kufundisha miaka yote."

Nilizunguka tangi. Alikuwa mtoto mmoja, amekaa kwenye jiwe, anatazama mahali pembeni yake palipokuwa pamebaki nafasi ya mwingine. Aliponiona alifunga mdomo. Sijawahi kudai nilichokiona ni zaidi ya hapo, na Mwalimu Rispa hakudai pia. Tulikubaliana tusimsumbue. Kila mapumziko mmoja wetu alisimama mahali watoto wanapopita, ili Adongo asikatizwe.

Siku ya kufunga wazazi walijaa kanisani, yaani shuleni. Mwalimu Rispa aliomba nafasi akasema la moyoni: wadogo waanze kwa lugha zao, diski ikomeshwe. Kabla Mwalimu Rispa hajakaa, fundi viatu mmoja alisimama.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini Kijaluo mtoto wangu anapata bure kwa nyumba. Akienda Industrial Area kutafuta kazi, hiyo Kijaluo atapelekea nani?"

"Ata mimi nauliza," alisema mama wa mboga nyuma yake. "Mimi Kizungu ndio ilininyima kazi. Mtoto wangu nisimpe?"

Watu walipiga makofi. Mwalimu Rispa alijibu kwamba hakuna anayewanyima Kiingereza, kwamba mtoto huvuka akiwa ameshikwa mkono, lakini makofi yalikuwa yameshamfunika. Siwalaumu wazazi wale. Walikuwa wakitafuta mlango, na waliambiwa mlango ni mmoja.

Kisha Adongo akaitwa. Akasimama mbele na kitabu, sweta limefungwa vifungo vyote, kichwa chini. Mama yake alikuwa benchi la kwanza, mikono ameikaza mapajani. Nilimwona hedimasta akifuta jasho. Mtoto hakuinua kichwa hadi watu wakaanza kukohoa. Halafu akainua mkono, akashika ncha ya sikio lake la kushoto, akaanza kusoma.

Alisoma kwa haraka, sauti ikipanda juu, bila kukwama popote. Alisoma ukurasa wote, akageuza, akaendelea. Wazazi walishangilia. Fundi viatu alisema, "Mnaona?" Mimi nilikuwa nimeshika ukuta, na watoto wa darasa langu waliokaa sakafuni walikuwa wakirudi nyuma kwa makalio, polepole, wakimwachia nafasi.

Mama Pacha alisimama. Alimwuliza mtoto kwa Kijaluo, neno ambalo hata mimi nililielewa: "Adongo ni kanye?" Adongo yuko wapi?

Mtoto akamtazama mama yake usoni, akiwa bado ameshika sikio, akamjibu kwa Kiingereza cha darasani. "Absent, teacher."

Makofi yalikatika. Mama alimsogelea, akaona kamba shingoni ndani ya sweta. Akafungua kifungo cha juu akaivuta, na diski ikatoka, ile ambayo hedimasta alisema amempa mtu. Hedimasta alikuwa karibu nami. Nilimsikia akisema chini kwa chini, "Si huyu niliyempa. Si huyu."

Mama Pacha akaivua shingoni mwa mtoto, akaivaa yeye. Akamgeukia hedimasta. "Mwalimu, mimi ndio nimeongea Kijaluo. Mnishike mimi." Kisha akakaa chini pale pale sakafuni, na kanga yake nzuri ya kanisani, akamvuta mtoto akampakata, akaanza kumwongelesha kwa Kijaluo. Hakulia. Mwalimu Rispa aliniambia baadaye alichokuwa akisema: kwamba leo kuna omena wa kula, kwamba maji yameshachotwa, kwamba upande wake wa kitanda uko vile vile na hakuna aliyeulalia. Mambo ya nyumbani tu. Aliongea mpaka wazazi wakaondoka mmoja mmoja bila kuamua lolote kuhusu diski, na fundi viatu akatoka ameshika kofia mkononi. Mtoto hakujibu, ila sikio aliliachia. Walikwenda nyumbani wakipita katikati ya Kambi Muru, mama amevaa diski shingoni, bado anaongea.

Likizo hiyo sikulala vizuri. Sikujua Januari nitamkuta nani, au kama nitamkuta mtu. Niliogopa, na niliona aibu kuogopa mtoto ambaye nimemfundisha kushika kalamu.

Shule ilifunguliwa. Hedimasta hakutaja diski, na hakuna aliyemletea nyingine. Darasa langu lilikuwa limepanda la tatu na mimi nikapanda nalo. Adongo alikuwepo, nywele zimeanza kuota, ameketi upande wake wa dawati, upande wa pili mtupu. Nilianza kuita majina. Jina la Apiyo nilikuwa nimelitoa. Nikafika kwa jina la Adongo, nikaliita.

Kimya. Nikasubiri. Watoto hawakugeuka.

"Antie," akasema mtu, kwa sauti nzito kidogo, ya taratibu. Nilikuwa nimejifunza hilo neno kwa Mwalimu Rispa. Maana yake, nipo.

Hakuna aliyeinuka kumvalisha kitu. Niliinama kuita jina linalofuata, na kabla sijalitamka nikasikia dawati likilia. Adongo alikuwa amesimama. Mikono ilikuwa chini, mbali na masikio. Aliweka kiganja kwenye nafasi tupu pembeni yake, akatafuta maneno polepole, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza kilichokuwa chake mwenyewe.

"Apiyo," alisema. "Absent, teacher."